MIZANI KUMI NA SABA: SHAIRI LA BIBI NA MJUKUU

Mkulima wa pamba wa Usukuma hahitaji kufundishwa maana ya mizani. Wazee wake waliijua kwa uchungu. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, walipopeleka pamba yao kwa wanunuzi, wengi walirudi nyumbani na fedha pungufu na mashaka tele, kwa kuwa mpimaji alikuwa mmoja, na mpimiwa hakujua kusoma alama. Wakaazimu kusimama wenyewe penye mizani. Kutokana na azma hiyo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Viktoria chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, shirikisho ambalo lilikuja kuhesabiwa miongoni mwa makubwa ya ushirika barani Afrika.

Lugha yetu imelipa neno hilo kazi ya pili. Mizani hupima pamba, na mizani hupima shairi, maana ndiyo hesabu ya silabi katika mstari. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizieleza kanuni zake katika kitabu chake cha mwaka 1954, na kila msomaji wa ukurasa wa mashairi anajua kwamba mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane upande huu na nane upande huu. Leo twataka kusema habari ya shairi ambalo lote zima, tangu mwanzo hadi mwisho, lina mizani 17 tu. Jina lake ni haiku, na kwao ni Japani. Rai yetu ni kwamba shairi hili fupi lafaa kufundishwa kwa wazee wetu na kwa watoto wetu wadogo, tena katika darasa moja, na kwamba mahali pazuri pa kuanzia ni kijiji kama Mkula.

SHAIRI LA MKONO MMOJA

Haiku ina vipande vitatu. Cha kwanza kina mizani 5, cha pili 7, na cha tatu 5. Haina vina. Badala ya vina ina masharti mawili. Sharti la kwanza ni neno la majira, yaani neno linalomjulisha msomaji kama ni wakati wa masika au wa kiangazi, wa kupanda au wa kuvuna. Sharti la pili ni mkato: mtungaji huweka mambo mawili ubavu kwa ubavu, akakata hapo, akamwachia msikilizaji kazi ya kuyaunganisha. Hahubiri wala haelezi. Tutoe mfano wa kwetu wenyewe:

Pamba nyeupe
mikononi mwa bibi;
jua latua.

Ahesabu msomaji kwa vidole vyake, ataona 5, 7 na 5. Neno la majira ni pamba nyeupe, kwa kuwa pamba hupasuka na kuchumwa wakati wa kiangazi. Mkato uko baada ya neno bibi. Je, ni jua la siku hiyo linalotua, au ni jua la umri wa bibi? Shairi halisemi, na kwa kutosema limesema yote mawili.

Shairi hili halikuzaliwa katika majumba ya wafalme peke yake. Lilitokana na mchezo wa watu wengi waliokaa pamoja wakitunga kwa zamu: mmoja akitoa kipande cha 5, 7 na 5, mwenzake akimjibu kwa 7 na 7, na wa tatu akipokea. Matsuo Basho, aliyeishi kati ya 1644 na 1694, ndiye aliyekipa kipande kile cha kwanza heshima kubwa, na Masaoka Shiki, aliyefariki mwaka 1902, ndiye aliyekitenga kisimame peke yake na kukieneza kwa jina la haiku. Kati yao alikuwapo Kobayashi Issa, aliyezaliwa mwaka 1763, mtoto wa mkulima. Mama yake alifariki angali mdogo sana, akalelewa na bibi yake. Huyo aliandika haiku zaidi ya 20,000, nyingi zikiwa habari za chura, nzi, shomoro na watoto wa maskini. Kwa hiyo tusiletewe hoja kwamba hili ni pambo la mabwana. Mmoja wa mabingwa wake wakubwa alikuwa mjukuu wa bibi wa kijijini.

Hata leo nchini Japani watoto wa shule za msingi hufundishwa haiku, na wazee waliostaafu hukutana katika vikundi vyao kutunga na kusomeana. Magazeti yao makubwa hutenga nafasi ya haiku za wasomaji, kama magazeti yetu yalivyotenga nafasi ya mashairi tangu siku za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Tangu mwaka 1990 yamekuwapo pia mashindano ya haiku za watoto wa dunia, yaliyoanzishwa kwa msaada wa shirika lao la ndege. Basi wenyewe wamekwisha kulitoa shairi lao mlangoni. Lililobaki ni sisi kulipokea.

KWA NINI MKULA

Mkula imo katika wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, upande wa kati ya maji ya Ziwa Viktoria na mji wa Bariadi. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Shinyanga na Mwanza, nao ndio unaoongoza katika nchi yetu kwa kilimo cha pamba. Watu wa Mkula ni wakulima na wafugaji, na hospitali yao ya kanisa inajulikana mbali. Hatuitaji Mkula kwa sababu ina ajabu isiyoonekana kwingine. Twaitaja kwa sababu yanayoonekana huko ndiyo yanayoonekana katika maelfu ya vijiji vyetu: wazee wenye mengi ya kusema wasio na wa kuwasikiliza, na watoto wenye kalamu mkononi wasio na la kuandika isipokuwa lililokwisha kuandikwa ubaoni.

Zamani Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni katika boma, ambapo wazee walikaa na vijana wakawafundisha nasaba, vitendawili, heshima na majira ya kazi. Walikuwa pia, na wangali, watu wa mashindano ya nyimbo. Vyama vya Bagika na Bagalu, vilivyotokana na mabingwa wawili wa zamani, Ngika na Gumha, vimeshindana kwa ngoma na utunzi kwa vizazi vingi, na sikukuu ya Bulabo pale Bujora ni ushahidi wa jambo hilo. Mtu asituambie kwamba watu hawa hawana shairi. Shairi wanalo, kinachokosekana ni mahali ambapo mzee wa miaka 70 na mtoto wa miaka 8 wanakutana kulitunga. Shikome imezimika katika maboma mengi, na darasa halikuchukua nafasi yake.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, alionya kwamba shule tulizorithi zilimfundisha mtoto kudhani kwamba ujuzi wote umo vitabuni, na kwamba baba na mama yake wasiosoma hawana la kumfundisha. Zaidi ya nusu karne imepita. Tujiulize kwa haki: ni mara ngapi mwanafunzi wa darasa la tatu hutumwa kwenda kumwuliza bibi yake swali ambalo mwalimu halijui?

DENI LA ELIMU YA WATU WAZIMA

Mikoa ya ziwa ina historia yake katika vita dhidi ya ujinga. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao theluthi mbili katika nchi yetu hawakujua kusoma na kuandika. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 ukaendeshwa, kwa msaada wa UNESCO, mpango wa majaribio katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Masomo yalifungamanishwa na kazi: mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba, mvuvi kwa maneno ya uvuvi, na mwenye migomba kwa maneno ya ndizi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nchi nzima ikaingia darasani, chini ya miembe na ndani ya maghala, na kufikia mwaka 1986 serikali ilihesabu kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima walijua kusoma.

Hiyo ilikuwa kazi kubwa, nasi twaikumbuka kwa fahari. Lakini kisomo ni kama shamba. Usipolipalilia, magugu hurudi. Gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho, lililotolewa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya, lilikuwa na maana hiyo hasa, kwamba mtu aliyejifunza herufi apate cha kusoma asije akazisahau. Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu katika miaka ya 1980, madarasa yalipungua na karatasi ikaadimika. Wengi waliokuwa vijana katika madarasa yale ndio wazee wa leo, na herufi walizozipata kwa jasho zimefifia.

Sasa, mzee wa namna hii umpe nini asome? Kitabu cha kurasa 200 kitamshinda macho. Waraka wa serikali utamchosha kabla ya nusu. Haiku ina maneno yasiyozidi kumi na mawili hivi. Yaweza kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya nusu karatasi, ikasomwa kwa pumzi moja, na jambo lililomo ni lake mwenyewe. Kwa mtoto wa darasa la pili ni hivyo hivyo. Urefu unaomfaa mtu anayeanza kusoma ndio unaomfaa yule anayerudia.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Kazi hii haihitaji fedha nyingi wala mtaalamu kutoka mbali. Yahitaji mwalimu mmoja, ubao, madaftari, na saa moja kwa juma, siku isiyo ya mnada wala ya palizi.

Kwanza wafundishwe kuhesabu kwa vidole. Mkono mmoja ni 5. Mkono mmoja na vidole viwili ni 7. Kisha mkono mmoja tena. Mtoto na mzee wakae wawili wawili. Watamke neno polepole, wakikunja kidole kwa kila mizani. Hapo twagundua jambo la kupendeza: Kiswahili kina sikio lililo karibu sana na la Wajapani. Kwetu herufi m katika neno mto hupewa mizani yake peke yake, nasi twahesabu m-to, mbili. Kwao herufi n inayofunga silabi hupewa mizani yake vilevile, na ndiyo maana jina la nchi yao, Nippon, kwa hesabu yao lina mizani 4. Basi shairi hili halitatusumbua miguuni kama kiatu cha kuazima.

Pili, lichaguliwe jambo moja la majira. Mwalimu aulize: juma hili, ni nini kimeonekana ambacho juma lililopita hakikuwapo? Mzee atasema ndege fulani amerudi, au upepo umegeuka, au masalia ya pamba yameng'olewa na kuchomwa ili wadudu wafe. Mtoto atasema lile aliloliona njiani. Kwa mfano:

Ng'ombe wa babu
anywa maji ya mto
na anga pia.

Mtu mzima aliyezoea kunywesha ng'ombe huenda asione tena kwamba mbingu imo ndani ya maji. Mtoto huiona. Naye mtoto hajui kwamba mto huo huo ulikuwa na kina gani miaka 40 iliyopita. Babu anajua. Wakitunga pamoja, kila mmoja ametoa alichonacho.

Tatu, lugha isiwe kizuizi. Wako wazee ambao Kiswahili chao ni chepesi, na Kisukuma chao ni kizito na kitamu. Waacheni waseme kwa Kisukuma. Mjukuu ageuze kwa Kiswahili na kuhesabu mizani, huku mzee akimsahihisha kama maana imepotoka. Mtoto atajifunza lugha ya taifa kwa kupima maneno yake moja moja, na mzee ataona kwamba lugha ya taifa haikuja kumnyamazisha.

Nne, kila haiku iandikwe, na neno lake la majira liwekwe katika daftari la shule chini ya mwezi wake. Wajapani wana vitabu vya namna hiyo, makamusi ya majira, ambamo mvua, wadudu, maua na sikukuu zimepangwa kwa nyakati zake. Baada ya miaka michache Mkula nayo itakuwa na kamusi ya majira ya Usukuma, iliyotungwa na wenyeji. Katika siku hizi ambapo mvua zimeacha desturi zake, daftari kama hilo lina faida hata kwa Bwana Shamba.

MACHO MEKUNDU

Liko jambo jingine, zito kuliko haya yote. Usukuma una jeraha la muda mrefu, nalo ni mauaji ya wazee, hasa akina mama vikongwe, kwa tuhuma za uchawi. Kwa miaka mingi macho mekundu yamehesabiwa na wajinga kuwa dalili ya uchawi. Ukweli unajulikana na kila mwenye akili: mama aliyepika miaka 50 kwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe, katika nyumba isiyo na dirisha la kutosha, macho yake yatakuwa mekundu. Uwekundu ule ni hesabu ya vyakula alivyowapikia watoto wa watu.

Hatusemi kwamba shairi litazuia panga. Kuzuia panga ni kazi ya sheria, ya polisi, ya mahakama na ya viongozi wasioogopa waganga wapiga ramli. Lakini mbegu ya mauaji ni mtu kuwa mgeni katika kijiji chake mwenyewe. Mzee ambaye hakuna mtoto anayekaa naye, asiyejulikana anawaza nini wala anaota nini, ni rahisi kuzushiwa lolote. Mzee ambaye shairi lake limebandikwa ukutani mwa shule, na watoto 40 wanalijua kwa moyo, ana mashahidi 40. Na tulete mfano wa tatu, jinsi kikongwe wa namna hiyo angeweza kusema:

Moshi wa kuni,
macho yangu mekundu;
wana washiba.

Na kwa desturi ile ya kale ya kujibizana, mjukuu angeweza kupokea kwa 7 na 7:

Bibi, kesho keti tu;
nitaukoka moto.

Mtoto aliyejibu hivyo akiwa na miaka 9 hatakubali kwa urahisi, akiwa na miaka 20, kuambiwa kwamba macho yale ni ya mchawi. Hiyo ndiyo faida tunayoitafuta, na mbele yake suala la ufundi wa ushairi ni dogo.

WATAKAOPINGA

Wako watakaosema haiku ni kitu cha kigeni. Mbegu ya pamba tunayopanda nayo iliingizwa na wageni, wakati wa Wadachi, lakini leo nani atamwambia mkulima wa Busega kwamba pamba si yake? Wako watakaosema kwamba pasipo vina pana porojo tu. Ugomvi huo ni wa zamani. Ulivuma sana baada ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, kutoa diwani ya Kichomi mwaka 1974. Sisi hatutaki kuufufua. Twasema tu kwamba haiku si shairi lisilo na sheria. Sheria yake ni kali, na mizani yake haisamehe hata moja. Anayependa vina aendelee kuvitunga, na ngonjera za Mathias Mnyampala zibaki mahali pake pa heshima. Lakini ngonjera inayoghanwa na watoto mbele ya mgeni rasmi mara nyingi imetungwa na mwalimu. Katika haiku mtoto hana pa kujificha, maana lazima aseme aliloliona yeye.

Na wako watakaouliza, shairi na bei ya pamba wapi na wapi? Tuwajibu kwa historia tuliyoanza nayo. Watu waliosimama penye mizani wakati wa ukoloni walihitaji kwanza kuamini macho yao wenyewe, na kuthubutu kusema walichokiona. Mtu aliyezoea kupima neno lake huwa mgumu kupunjwa.

WAJIBU WETU

Kwa hiyo twatoa mwito. Mashina na matawi ya Chama yaliyo na jengo yafungue milango yake saa moja kwa juma kwa darasa la namna hii. Vyama vya msingi vya ushirika vitoe karatasi na kalamu. Gharama yake haifiki ile ya gunia moja la pamba. Maofisa elimu ya watu wazima wauingize mpango huu katika madarasa yao ya MUKEJA, na walimu wa shule za msingi wasione haya kumkalisha mzee katika dawati la mbele. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua wazee kuwa hazina ya ujuzi. Hazina isiyofunguliwa haina tofauti na sanduku tupu. Magazeti ya Kiswahili, na hili letu likiwamo, yana wajibu wa kuzipa haiku hizo nafasi, pamoja na jina la mzee na la mtoto waliozitunga.

Nawe, ndugu mfanyakazi, uliye Mwanza au Dar es Salaam, na mama yako yuko kijijini, usingoje mwito wa mkutano. Utakapokwenda likizo, mchukulie daftari pamoja na kanga. Mweke mtoto wako karibu naye jioni, wape vidole vyao wahesabu, kisha wewe unyamaze usikilize.